Tahadhari: Usizime Paneli Kabla Hujaipima Pawasaplai

Kama kiwandani kwako kuna mashine ambayo PLC yake (kompyuta ndogo inayoiongoza) hujizima ghafla na kurudi yenyewe, na kila ikigoma fundi wa zamu huizima na kuiwasha hadi ikubali, acheni mchezo huo leo. Kabla ya kuilaumu PLC au sensa, ishuku pawasaplai ya volti 24 inayozilisha. Inapochakaa hukufa kidogo kidogo, na kila zima-washa ni kamari: safari moja haitarudi. Siku hiyo programu ya mashine inaweza kupotea. Na hata kabla ya siku hiyo, mota inaweza kuendelea kuzunguka ilhali mtu ameshabonyeza kitufe cha dharura.

Tahadhari hii inamhusu fundi umeme, msimamizi wa zamu na mwenye kiwanda, iwe ni cha unga, maji ya chupa, plastiki au kahawa. Inawahusu zaidi walionunua mashine zilizokwishatumika nje ya nchi, kwa sababu pawasaplai zake zina miaka mingi ambayo hakuna aliyeihesabu.

Dalili

Mashine husimama pale tu valvu kadhaa zinapovuta kwa mpigo. Skrini ya opereta hufifia au hujiwasha upya. Taa ya kijani ya pawasaplai hupepesa. Sensa huhesabu chupa ambazo hazikupita. Kontakta hutetemeka kwa mlio wa kukwaruza badala ya kushika mara moja. Baada ya mapumziko ya wikiendi paneli hugoma kuwaka, ikishapata joto hukubali. Ukiona mawili tu kati ya haya, usiagize PLC mpya. Anza na pawasaplai.

Kinachoiua

Muuaji mkubwa ni joto. Ndani ya pawasaplai kuna kapasita zenye majimaji, na majimaji hayo hukauka. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu. Chukua kapasita iliyoandikwa saa 5,000 kwa nyuzi 105. Ikifanya kazi kwenye nyuzi 65 inaweza kufika saa 80,000, yaani miaka tisa ya kazi bila kuzimwa. Ikifanya kazi kwenye nyuzi 85 itafika saa 20,000, miaka miwili na miezi kidogo. Tofauti hiyo ya nyuzi 20 inaweza kuletwa na chujio la feni lililozibwa na unga, paneli iliyofungwa ukutani chini ya bati, au pawasaplai iliyobanwa katikati ya vifaa vingine bila nafasi ya hewa.

Kapasita iliyokauka huteseka zaidi ikiwa baridi. Ndiyo maana pawasaplai inayofanya kazi usiku na mchana kwa miaka huonekana nzima, halafu ikizimwa kwa ajili ya usafi haiwaki tena. Na si lazima uizime wewe. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya taifa ya Tanzania ikapata hitilafu. Gridi haimwombi mtu ruhusa.

Kontakta inayoganda

Hapa ndipo hatari inapohama kutoka kwenye mashine kwenda kwa watu. Kontakta ndiyo swichi inayoipa mota umeme, na koili yake ya volti 24 imeundwa kuvuta ikipata angalau asilimia 85 ya volti zake, yaani takriban volti 20.4. Pawasaplai ikiyumba chini ya hapo, kontakta hushika nusu, huachia, hushika tena. Kila mguso hutoa cheche inayoyeyusha uso wa visahani, mpaka vinaungana kama vimechomelewa. Kuanzia hapo opereta akibonyeza kitufe cha dharura, koili inakosa umeme kama ilivyopangwa, lakini visahani vimegandana na mota inaendelea. Paneli zilizosanifiwa vizuri huweka kontakta mbili kwa mfululizo pamoja na relei ya usalama inayozikagua. Nyingi za zamani zina moja tu. Kontakta iliyokuwa ikitetemeka ikaguliwe visahani vyake, au ibadilishwe kabisa, kabla mtu hajaingiza mkono kwenye mashine.

Programu inayopotea

PLC nyingi za zamani, kama PLC-5 na SLC 500 za Allen-Bradley au FX2N ya Mitsubishi, zinaweza kuwa zimehifadhi programu kwenye kumbukumbu inayotegemea betri ndogo ya lithiamu. Umeme ukiwepo, betri iliyokufa haimsumbui mtu. Taa yake nyekundu huwaka miezi na watu wanaizoea. Ukizima swichi kuu, programu inafutika, na aliyeiandika huenda yuko Italia au ameshastaafu. Kwa hiyo taa ya betri ikiwa imewaka, marufuku kuzima paneli hiyo mpaka programu ihifadhiwe kwenye kompyuta. Kisha badilisha betri kwa kufuata kitabu cha PLC hiyo hiyo: nyingine hubadilishwa umeme ukiwa umewaka, nyingine hukupa sekunde chache tu baada ya kuzima.

Pima kwa mpangilio huu

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni, kwa sababu kwenye pawasaplai hiyo hiyo upande wa kuingilia kuna volti 230 au zaidi.

1. Hifadhi programu kwanza. Bila nakala, usiguse swichi.

2. Weka mita kwenye DC na upime kwenye terminali za PLC yenyewe, mashine ikiwa kazini. Ukipima kwenye pawasaplai peke yake, waya uliolegea njiani hutauona. Ukipima bila mzigo, hata pawasaplai mbovu hukuonyesha 24. Kama mita yako hurekodi kiwango cha chini, iache irekodi mzunguko mzima wa mashine. Kiwango cha IEC 61131-2 kwa PLC ni kati ya volti 20.4 na 28.8.

3. Terminali hizo hizo, geuza mita kwenye AC. Pawasaplai nzima husoma kiasi kidogo sana, sehemu ya volti. Ukikaribia volti moja, kapasita zimekwisha, ibadilishe. Angalizo: mita ya bei ya chini inaweza kukuonyesha volti hamsini na kitu hapo. Hiyo ni kasoro ya mita, tafuta nyingine.

4. Pima upande wa kuingilia. Nyutro ikilegea kwenye mfumo wa fezi tatu, kifaa cha volti 230 kinaweza kusukumiwa volti zinazokaribia 400. Ukibadilisha pawasaplai bila kuigundua nyutro hiyo, mpya nayo itaungua.

5. Kama volti 24 zinazama, simamisha mashine kwa usalama, kisha chomoa matawi moja moja. Zikipanda ghafla baada ya kuchomoa tawi fulani, shoti iko huko: mara nyingi ni waya wa sensa uliochunika au koili ya valvu iliyoungua.

Usifanye haya

Usikaze skrubu ya kuongeza volti ili kufidia udhaifu. Unaficha ugonjwa na kuvipa vifaa vingine joto la ziada. Usibadilishe fyuzi kwa kubwa zaidi wala kwa kipande cha waya. Usiunge pawasaplai mbili kwa pamoja bila moduli ya dayodi ya kuzitenganisha, isipokuwa kitabu chake kinaruhusu. Pawasaplai ya zamani yenye swichi ya 115 na 230, iangalie kabla ya kuiwasha; ikiwa kwenye 115, umeme wetu utaipasua.

Zaidi ya yote, usiifungue mara baada ya kuzima. Kapasita za upande wa kuingilia hubaki na takriban volti 325, na zile za mashine za fezi tatu hupita 560. Chaji hiyo inaua. Subiri muda ulioandikwa kwenye kifaa, kisha thibitisha kwa mita kwamba imeisha.

Kwa wenye viwanda

Pawasaplai ya akiba bei yake ni ndogo ukilinganisha na siku moja ya uzalishaji uliosimama. Weka moja stoo kwa kila aina uliyo nayo, iliyonunuliwa kwa muuzaji anayetambuliwa, na iwashe mara moja kwa mwaka kuhakikisha ni nzima. Andika tarehe ya kufungwa kwenye kila pawasaplai iliyoko kwenye paneli. Zile zenye dalili zilizotajwa hapa, zibadilishwe sasa, kwa saa mliyoipanga nyinyi, nakala ya programu ikiwa mkononi. Na msimamizi wa zamu apewe agizo la maandishi: paneli inayojizima yenyewe haiwashwi tena mpaka fundi awepo kuipima.