Karatasi ya tribunali isilale kabatini

Wamama wenzetu, huisie akifika mlangoni wengi wetu tunashituka. Mmoja anakataa kupokea, mwingine anaficha karatasi mpaka baba watoto arudi safarini. Lakini siku hazimngojei mtu. Sheria inamruhusu huisie kuacha karatasi kwa ndugu wa nyumbani, hata kwa jirani. Basi tuwaambie watoto na majirani: wakiipokea, watupatie siku ileile.

Tusome mambo matatu: nani anashitaki, anadai nini, na tarehe ya kufika mbele ya hakimu. Halafu tuhesabu. Katika kesi za madai, kama za kiwanja au deni, tunapewa siku 8 kamili. Siku ya kupokea haihesabiwi, wala siku ya kesi. Ukipokea tarehe 3, kesi isiwe kabla ya tarehe 12, isipokuwa hakimu ameruhusu kufupisha kwa sababu ya haraka. Anayeishi mbali anaongezewa siku 1 kwa kila kilomita 100. Siku zikipungua, mwambie hakimu mwanzoni kabisa, kabla ya kujibu madai.

Siku hizo 8 si za kulia, ni za kazi: kutafuta wakili, kutoa nakala za karatasi za kiwanja, cheti cha ndoa na risiti. Aliyepoteza karatasi zake kwenye lava ya mwaka 2002 awatafute mapema majirani walioshuhudia akinunua.

Usipofika, hakimu anaweza kukata kesi bila wewe, na kiwanja kikaenda hivyo. Hata hapo mlango haujafungwa: una siku 15, tangu hukumu ikabidhiwe mkononi mwako, kuipinga mbele ya tribunali ileile. Rufaa ina siku 30. Zikipita, hata mwenye haki anabaki na machozi.

Na mama aliyeolewa asidanganywe. Tangu sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilipogeuza Sheria ya Familia ya 1987, hatuombi tena ruhusa ya mume ili kwenda tribunali.

Kwa hiyo ukipokea karatasi, andika nyuma yake tarehe uliyoipokea, kisha uilete kwenye mkutano wetu. Tutaisoma pamoja, na tutahesabu pamoja.