Piano Haibebwi Begani

Na Wambui Karanja

Mtoto wa Uthiru akitaka kujifunza fidla, mwalimu anaweza kumwazima moja, akapanda nayo matatu, akafanyia mazoezi hata jikoni kwao. Anayependa piano hana bahati hiyo. Piano hufuatwa ilipo, na kwa wengi safari ni kupitia Waiyaki Way hadi katikati ya jiji, ambako Kenya Conservatoire of Music imefundisha tangu 1944. Somo la mara moja kwa wiki humwonyesha njia. Siku sita zilizobaki ndizo zinazomfanya mpiga piano, na hizo ndizo zinazompotea.

Wengi huanzia kwenye kinanda cha umeme kanisani. Ni mwanzo mwema. Hata hivyo, vinanda vingi vya aina hiyo vina vitufe 61, ilhali piano ina 88. Kitufe cha piano huzama karibu sentimita moja na kurusha nyundo yenye sufu ipige waya. Kiguse taratibu, sauti itanong'ona. Kishushie uzito wa mkono, itanguruma. Vidole huijua tofauti hiyo kwa kurudiarudia. Mtoto aliyezoea vitufe vyepesi vya kinanda akikalishwa mbele ya piano siku ya mtihani, kidole cha pete na cha mwisho huishiwa nguvu, na wimbo anaoujua vizuri kichwani hautoki.

Anders Ericsson na wenzake walichapisha mwaka 1993 utafiti kuhusu wapiga piano wa Berlin. Waliokuwa wakiusomea muziki kama taaluma walikuwa wamefanya mazoezi kwa zaidi ya saa 7,000 walipotimiza miaka 18. Waliopiga kwa kujifurahisha hawakufika 2,000. Saa 7,000 ni saa mbili kila siku kwa takriban miaka kumi. Kijana wa Uthiru atazipatia wapi?

Nakataa kabisa hoja kwamba piano ni mambo ya matajiri. Dang Thai Son alizaliwa Hanoi mwaka 1958 na kukulia katika vita vya Vietnam. Mabomu yalipozidi, shule ya muziki ya taifa, ambako mama yake alikuwa mwalimu, ilihamishiwa kijijini, na piano zikakokotwa na nyati. Mwaka 1980 kijana huyo alishinda shindano la Chopin mjini Warsaw, Mwasia wa kwanza kufanya hivyo. Familia yake haikuwa na utajiri wa kumfikisha pale. Alifikishwa na umma ulioamua kwamba hata vitani mtoto apate piano ya kufanyia mazoezi.

Hapa kwetu Korogocho imeshatuonyesha. Mradi wa muziki wa Ghetto Classics, wa Elizabeth Njoroge, ulianzia kwenye uwanja wa kanisa Katoliki la St John's, na watoto waliopewa ala, walimu na mahali pa kukutana wamegeuka wanamuziki wa okestra. Uthiru nayo inahitaji mahali, tena padogo: chumba kimoja, piano moja, na fundi wa kuipatanisha sauti mara mbili kwa mwaka. Kikifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, watoto saba watapata saa mbili kila mmoja, kila siku. Shule za upili zinazotoa mkondo wa sanaa katika mtaala mpya zinakihitaji chumba hicho kuliko zinavyohitaji vitabu zaidi vya nadharia.

Wazazi huniuliza mtoto atakula nini. Kweli, wanaoishi kwa jukwaa la tamasha pekee ni wachache, hata Ulaya. Lakini mpiga piano aliyeiva hufundisha, husindikiza waimbaji na kwaya, hupiga arusini na kurekodi studioni. Hizo ni kazi zinazolipa kodi ya nyumba, na anayezipata ni yule aliyeiva.

Kwa hiyo namwomba mwakilishi wa wadi ya Uthiru/Ruthimitu aiweke piano moja kwenye makadirio ya bajeti ijayo. Nanyi wazee wa makanisa na wakuu wa shule wenye piano zilizofunikwa kitambaa kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, msingoje serikali. Bandikeni orodha ya zamu mlangoni, mteueni mtu wa kushika ufunguo, na wiki hii hii mtoto wa kwanza apewe saa zake mbili.