Baiskeli Ipimwe kwa Mwili wa Mwenyewe

Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya minazi ya Sahare, mwenye kusimama kando ya njia itokayo pwani mjini Tanga ataona wachuuzi wa samaki wakipita na matenga yao juu ya karia, na wauza mikate, na vibarua, na wanafunzi waliopakizana wawili wawili. Na iwapo atawatazama si wanapokwenda bali wanaposhuka, ataona jambo ambalo limezoeleka mno hata halimshangazi mtu, nalo ni kwamba mtu akisha kuiegesha baiskeli yake hutia viganja viwili kiunoni, akajipinda nyuma polepole, akakunja uso, ndipo akaanza shughuli iliyomleta.

Ukimwuliza asili ya maumivu yake, aghalabu atakutajia umri, au baridi ya kipupwe, au uzito wa mzigo, au kadari ya Mwenyezi Mungu, na katika hayo yote hapana hata moja ambalo aweza kulibadili kwa mkono wake kabla ya jua kuchwa. Rai yangu ni nyingine. Mimi nasema, na nasema baada ya kuugua mwenyewe kwa miaka 4, ya kwamba wengi katika hao hawaumizwi na umri wala kazi, bali na kiti ambacho tangu baiskeli ilipotolewa dukani hakuna mtu aliyekilinganisha na urefu wa miguu ya mwenye kukikalia. Na ya kwamba dawa ya jambo hili ni spana moja na subira ya siku chache.

Nilikuwa nikisomesha katika shule iliyo upande wa Pongwe, na kutoka nyumbani kwangu Ngamiani mpaka huko ni mwendo wa saa nzima kwa baiskeli, asubuhi kwenda na alasiri kurudi. Baiskeli yenyewe ilikuwa nyeusi, madhubuti, ya fremu ya inchi 22 na magurudumu ya inchi 28, ya aina ile ambayo karibu kila mtaa wa mwambao unaijua, nami niliitunza kwa mafuta na kitambaa kama itunzwavyo amana. Maumivu yalianza chini ya mshipi, upande wa kulia, kisha yakaenea kiuno kizima, hata usiku nikawa siwezi kugeuka bila ya kushika mbao za kitanda. Nikachuliwa kwa mafuta ya karafuu, nikameza vidonge, nikalalia ubao mtupu. Tabibu mmoja aliyenipima kwa makini aliniuliza umri wangu, na kazi yangu, na kama nimepata kuanguka, nikatoka kwake bila ya yeye kuuliza wala mimi kukumbuka kusema ya kwamba saa 2 za kila siku yangu nazimaliza juu ya kiti cha baiskeli.

Aliyeuliza alikuwa fundi baiskeli mzee, afanyaye kazi chini ya mkungu, ambaye nilimpelekea gurudumu la nyuma lililokatika spoku. Alinitazama nikija kwa mbali, na nilipomwamkia shikamoo naye akaitikia marahaba, hakulishika gurudumu kwanza, bali alisema, "Mwalimu, hebu panda tena, uende mpaka pale kwenye nguzo, kisha urudi." Nikaenda, nikarudi. Akasema, "Nyonga zako zinapanda na kushuka kama mizani ya dukani. Kiuno hakikuumi?" Nikamwambia, "Mwaka wa 4 huu, mzee." Akajibu, "Miguu yako haifiki. Inaifuata pedeli, na kiuno kinaifuata miguu."

Maneno yale mafupi yana elimu ndani yake, na yastahili kufafanuliwa. Kiti kikiwa juu kupita kiasi, mguu unaoshuka hauifikii pedeli mpaka nyonga ya upande ule ishuke pamoja nao, na mara tu pedeli ya pili inaposhuka, nyonga ya pili nayo huinama. Na kwa kuwa uti wa mgongo umesimama juu ya mfupa wa nyonga kama mlingoti juu ya chombo, pingili za kiunoni hupinda kushoto na kulia bila ya kupumzika. Mwenye kwenda kwa utulivu huzungusha pedeli mara 60 kwa dakika, yaani mara 3,600 kwa saa, na kila mzunguko mmoja huinamisha kiuno mara 2. Mgongo wangu, basi, ulikuwa ukipindwa mara 7,200 kabla sijaandika tarehe ubaoni. Kiti kikiwa chini mno nacho kina madhara yake, kwani magoti hubeba kazi isiyo yao, na paja linapopanda juu sana huisukuma nyonga nyuma na kuufanya mgongo uwe upinde.

Kiasi cha haki hupatikana hivi. Mtu akae juu ya kiti hali ameegemea ukuta, amevaa viatu vile vile anavyovipandia, maana mwenye makubadhi na mwenye viatu vya soli nene hawana kipimo kimoja. Kisha aiteremshe pedeli hadi chini kabisa na kuikanyaga kwa kisigino. Mguu unyooke, na nyonga isiinamie upande wowote. Akirudisha wayo mahali pake, pale nyuma ya vidole, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Mimi siku ile kisigino changu hakikuikaribia pedeli. Niliigusa kwa ncha za vidole tu.

Kwa wapendao hesabu, zipo njia 2 zinazojulikana sana, nazo zote zahitaji kipimo kimoja: mtu asimame pekupeku, mgongo ukutani, abane kitabu kati ya mapaja mpaka juu kabisa, kisha upimwe urefu kutoka sakafuni hadi mgongo wa kitabu. Ya kwanza ilitumiwa na mwalimu wa mashindano wa Kifaransa, Cyrille Guimard, na ikaenezwa na mwanafunzi wake Greg LeMond wa Marekani, aliyeshinda Tour de France mara 3: urefu huo uzidishwe kwa 0.883, na jawabu ndilo umbali kutoka katikati ya krenki hadi juu ya kiti. Ya pili ni ya Hamley na Thomas wa Uingereza, ambao mwaka 1967, katika kutafuta kimo kimpacho mpandaji nguvu nyingi, waliona kwamba toka pedeli iliyo chini hadi juu ya kiti pawe asilimia 109 ya urefu ule. Mguu wangu ni sentimita 80. Kwa hesabu ya kwanza kiti kiwe sentimita 70.6, na ukiongeza mkono wa krenki wa sentimita 17 hupata 87.6, kwa hesabu ya pili ni 87.2. Njia 2 zilizotoka kwa watu mbalimbali, kwa makusudi mbalimbali, zinakutana kwa tofauti isiyofika nusu sentimita, na hilo lilinituliza moyo. Kiti changu kilikuwa sentimita 75.

Fundi alikishusha sentimita 2 siku ile, akanitaka nirudi baada ya juma, kwani, alisema, mwili uliozoea kosa haupendi kurekebishwa kwa ghafula. Paipu ya kiti ilikuwa imeshikwa na kutu hata ikabidi inyweshwe mafuta ya taa na kuachwa mpaka alasiri. Hapa niweke hadhari kwa wale ambao wao kiti chao chahitaji kupandishwa: isibaki ndani ya fremu paipu iliyo pungufu ya inchi 2 na nusu, isije ikapinda au kuvunjika na mtu juu yake.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa pua ya kiti. Tazama baiskeli yoyote ya zamani mjini, utaona pua yake imeelekea mbinguni. Haikuundwa hivyo. Chini ya kiti pana kibano chenye meno madogo yanayoumana, kikikazwa na nati 2, moja kila upande. Miaka inapopita meno yale husagika, na kwa kuwa uzito wote wa mpandaji huwa nyuma juu ya springi, nyuma hushuka na pua hupanda, jino moja baada ya jingine, bila ya mwenyewe kuhisi. Pua ikipanda huisukuma nyonga irudi nyuma, na mikono imeushika usukani ulio mbele, basi kiuno, kilicho katikati, hakina la kufanya ila kupinda. Mwaka 1999 matabibu wa Israel, Salai na wenziwe, walichapisha katika jarida la Uingereza la tiba ya michezo habari za wapanda baiskeli wenye maumivu ya kiuno, ambao viti vyao viliinamishwa pua kwa nyuzi 10 hadi 15, na baada ya miezi 6 zaidi ya watu 7 katika kila 10 walipata nafuu kubwa. Watu wale walipanda kwa kujifurahisha, hawakubeba gunia la mkaa wala tenga la samaki; lakini pingili za uti wa mgongo ni zile zile, na laiti habari hii ingalibandikwa katika kila banda la fundi toka Horohoro mpaka Mtwara.

Kwa baiskeli zetu, ambazo mtu huzikaa wima, mimi sishauri kuanza na nyuzi 15, maana mtu ataserereka mbele na uzito utamwangukia viganjani. Kwanza pua ishushwe mpaka kiti kiwe sawa kama sakafu, halafu jino moja zaidi, ipandwe siku 3, ndipo ionekane kama yahitajika zaidi. Kibano kilichosagika meno kitupwe, kinunuliwe kipya. Springi iliyokatika nayo ibadilishwe, kwa kuwa mwenye kukaa wima hupokea kila shimo la barabara moja kwa moja mgongoni.

Juu ya usukani sina mengi. Mwenye kiuno kibovu asiuweke chini ya kimo cha kiti, wala mbali hata viwiko vinyooke kabisa; na vijana wanunuao baiskeli za mitumba za gia, nyingi zao zilizoundwa kwa ajili ya watu warefu, hawana budi kulitazama hili kabla ya kutazama rangi. Katika baiskeli nyingi za kale bolti ya juu hulegezwa mizunguko michache, ikagongwa kwa nyundo juu ya kipande cha ubao, na usukani ukawa huru kupanda.

Wapo watakaosema ya kwamba haya ni mambo ya wanamichezo wenye nafasi, si ya mtu atafutaye riziki. Nasikitika kila nisikiapo hoja hii, kwa sababu mwanamichezo akiumia huiacha baiskeli ukutani, ilhali mchuuzi akiumia hupanda vile vile, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka siku asiyoweza kuinama kufunga kamba ya tenga lake. Na baiskeli moja inapotumiwa na baba, mwana na shangazi, paipu itiwe alama za rangi, kila mtu na yake. Kwetu nyumbani alama yangu ni nyeupe na ya kijana wangu ni nyekundu. Mtu mfupi naye asikubali kuuziwa fremu ya inchi 24 kwa kuambiwa kuwa yabeba mzigo zaidi, kwani inchi 24 ni sentimita 61 za chuma kabla ya kiti chenyewe, na hata kikishushwa hadi mwisho huenda kisimtoshe.

Sisemi ya kwamba kila kiuno kitaponywa na spana. Mwenye maumivu yashukayo mguuni pamoja na ganzi, au aliyepoteza nguvu za mguu, au anayeshindwa kuizuia haja ndogo, au aumwaye kiuno na kushikwa na homa, asipoteze hata siku moja kwa fundi, aende hospitali. Mimi nilimaliza miezi 3 baada ya kiti kufika mahali pake, nikawa nageuka kitandani bila ya kushika mbao.

Nawaomba matabibu wamwulizapo mgonjwa wa kiuno kazi yake, wamwulize pia chombo anachokipanda. Nawaomba wakuu wa vyuo vya ufundi wawafunze vijana kumpima mtu kama wanavyowafunza kunyoosha gurudumu. Na wauzaji wa baiskeli, ambao husimama dukani wakihesabu fedha hali mnunuzi anaisukuma baiskeli mpya kwenda zake, nawasihi kwa dhati wasimkabidhi mtu baiskeli kabla hajaipanda mbele yao, na kisigino chake kikafika kwenye pedeli.