Tuzo za mpira Westerville: tunamsahau anayefungua uwanja

Msimu wa kabumbu wa nje umekwisha huku kwetu Ohio, nyavu zimekunjwa, na kama ilivyo desturi timu zetu za ridhaa zinajiandaa kwa usiku wa tuzo. Ukumbi unakodiwa Westerville, mji mdogo ulio pembeni ya Columbus upande wa kaskazini-mashariki. Ndugu zetu wa Louisville watakuwa barabarani zaidi ya saa tatu, na wale wa Buffalo takribani saa tano, huku wakiomba theluji isiwakute njiani.

Kwa wale mlioko nyumbani ambao hamjapata kufika: huu ni mji uliokataza pombe kwa miaka mingi sana. Chama cha Anti-Saloon League, kilichopigania marufuku ya pombe Marekani nzima, kilikuwa na makao yake hapa tangu mwaka 1909, na bia ya kwanza kuuzwa kihalali mgahawani ilisubiri hadi mwaka 2006. Kwa hiyo wazee wetu wa kanisa wanaotaka sherehe ya soda tupu hawangeweza kuchagua mahali pazuri zaidi. Lakini leo siandiki juu ya soda.

Naandika juu ya orodha ya tuzo. Nimehudhuria sherehe za namna hii mara kadhaa, na orodha ni ileile: mfungaji bora, golikipa bora, mchezaji bora, kocha bora, timu yenye nidhamu, halafu vyeti vingi kwa wafadhili na wageni rasmi. Mwenye duka la vyakula vya Afrika anapata cheti. Mchungaji anapata cheti. Mwenyekiti wa jumuiya, ambaye uwanjani tulimwona siku ya fainali tu, anapata cheti na kipaza sauti kwa dakika arobaini. Wakati huo akina mama waliopika pilau na sombe tangu alfajiri wamesimama nyuma kabisa karibu na mlango wa jikoni, na yule kijana aliyeendesha gari la kubebea watoto majira yote ya kiangazi yuko kazini, zamu ya usiku ghalani, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba anatakiwa awepo.

Mtaniuliza: je, hilo ni jambo la kuandikiwa makala wakati nyumbani watu wanakufa? Ndiyo. Na nitaeleza kwa nini.

Ligi hizi haziendeshwi na wafungaji. Mwezi wa pili au wa tatu, wakati baridi bado inauma na hakuna anayefikiria mpira, kuna mtu anakaa mbele ya kompyuta akijaza fomu ya kuomba uwanja katika idara ya bustani na michezo ya jiji. Kuna mtu anatafuta bima, kwa maana bila karatasi ya bima mara nyingi uwanja haupatikani. Kuna mtu anapiga simu kwa kila mzazi kumweleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kirundi au Kinyamulenge au Kibembe, kwamba ile karatasi ya Kiingereza aliyotumwa inataka sahihi tu, wala si deni. Huyo akihama, au akibadilishiwa zamu, timu inakufa kimyakimya. Nimeiona moja ikifa hivyo. Wachezaji walikuwepo, jezi zilikuwepo, hata kombe la mwaka uliotangulia lilikuwa bado kwenye kabati la sebuleni kwa nahodha. Aliyekosekana ni mtu wa fomu.

Na timu ikifa, watoto wanakwenda wapi? Klabu za vijana za Wamarekani zinadai mamia ya dola, mara nyingine maelfu, kwa mwaka mmoja, mbali na safari na viatu. Familia yenye watoto sita ambayo baba anapakia maboksi na mama anasafisha hoteli haiwezi. Zamani tulijifariji kwamba wageni wapya kutoka Nyarugusu, Kakuma au Nakivale watakuja kujaza nafasi. Mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa kwa amri ya rais Januari 2025, na tangu hapo hatuwezi tena kuendesha timu kwa kutegemea ndege inayofuata.

Kuna na jambo la pili, zito zaidi. Katika ukumbi ule wanakaa vijana ambao wazazi wao nyumbani hawasalimiani. Mtoto wa Minembwe, mtoto wa Fizi, mtoto wa Uvira, Mrundi, Msomali wa Kibantu. Goma ilipochukuliwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, simu zetu ziligeuka uwanja wa vita. Watu waliokula pamoja miaka kumi walianza kuitana majina ambayo sitayaandika hapa. Kwenye mpira, hata hivyo, pasi bado ilitoka kwa huyu kwenda kwa yule. Sisemi mpira unaleta amani, maana nimeona ngumi nyingi pembeni ya uwanja. Nasema tu kwamba ni moja ya mahali pachache palipobaki ambapo tunakutana bila kwanza kuulizana kijiji.

Sasa angalieni jinsi tunavyochagua washindi: kura za simu. Majina yanawekwa kwenye kundi la WhatsApp na kila mtu anapiga kura, hata binamu aliye Bujumbura ambaye hajawahi kumwona mchezaji akigusa mpira. Matokeo yake yanajulikana kabla ya kuhesabu: jumuiya yenye watu wengi ndiyo yenye golikipa bora. Hiyo ni sensa ya ukabila tuliyoivalisha suti. Hata FIFA, ambayo kwa kawaida simtumi mtu akajifunze maadili huko, katika tuzo zake za mchezaji bora haimruhusu nahodha wa timu ya taifa kujipigia kura mwenyewe. Sisi tunaweza kwenda mbele zaidi: manahodha na makocha wapige kura ya siri, na asiwepo wa kuichagua timu yake.

Nirudi kwenye tuzo yenyewe. Mkongomani anapaswa kuwa mwangalifu na medali, kwa sababu ya Ndaye Mulamba. Mwaka 1974 nchini Misri alifunga mabao 9 katika Kombe la Mataifa ya Afrika, idadi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia katika mashindano mamoja. Fainali na Zambia ilipigwa mara mbili, 2-2 kisha 2-0, na mabao yote manne ya Zaire ni yake. Miaka ishirini baadaye, 1994, aliitwa Tunisia akapewa heshima mbele ya Afrika nzima. Aliporudi nyumbani, watu waliovaa sare za jeshi walimvamia na kumpiga risasi, wakidhani tuzo ile ilikuja na fedha. Haikuja na kitu. Akakimbilia Afrika Kusini akiwa mkimbizi kama sisi. Mwaka 1998, kwenye mashindano ya Burkina Faso, uwanja ulisimama kimya dakika moja kumwombolezea kwa uvumi kwamba amekufa, na kumbe yeye alikuwa hai. Alifariki kweli Januari 2019.

Sifikirii kwamba kuna atakayepigwa risasi Westerville kwa ajili ya kikombe cha plastiki. Lakini tabia ni ileile: tunampandisha mtu jukwaani, tunapiga picha, tunaondoka, na Jumatatu hakuna anayejua anaishije.

Wapo waliofanya vingine, na si mbali na lugha yetu. Mathare, Nairobi, mwaka 1987 Mkanada Bob Munro alianzisha pamoja na vijana wa mtaa chama kiitwacho MYSA. Wakaweka sheria ya ajabu: ukishinda mechi unapata pointi 3 kama kawaida, lakini timu yako ikitoka na majembe na mikokoteni kusafisha taka za mtaani inapata pointi 6. Tafakarini hilo. Usafi una thamani ya ushindi mara mbili, na msimamo wa ligi unabadilika kwa sababu hiyo. Vijana wanaojitolea kufundisha wadogo au kuchezesha mechi nao wanakusanya pointi zao, na walio juu wanapewa tuzo ya uongozi. Tuzo hiyo ni karo, inayopelekwa moja kwa moja shuleni. Msije mkadhani kwamba mpira wao ulidhoofika. Timu iliyotoka kwenye mpango huo, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008.

Na hapa Marekani tunaye Bernard Kamungo. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, wazazi wake wakiwa Wakongomani, akaletwa Abilene, Texas, mwaka 2016. Mwaka 2021 kaka yake alimwandikisha kwenye majaribio ya wazi ya timu ya akiba ya FC Dallas. Agosti 2023 akaifunga Inter Miami ya Messi, na Januari 2024 akaichezea timu ya taifa ya Marekani. Vijana wetu wote wanamjua Kamungo. Mimi namfikiria zaidi yule kaka. Bila yeye kuliona tangazo na kujaza jina, tungekuwa na mchezaji mzuri sana wa mpira wa jioni huko Abilene, na habari ingeishia hapo.

Kwa hiyo naomba nini kwa kamati? Mfungaji bora abaki. Mabao ni mabao, na kijana aliyefunga ishirini astahili kelele zake. Ongezeni tuzo kwa mtu wa fomu, kwa dereva, kwa mama anayefua jezi za timu nzima, na kwa refa, ambaye mwaka mzima anatukanwa kwa lugha nne. Fedha za vikombe vikubwa vya rangi ya dhahabu ziwalipie vijana watatu au wanne, kutoka kila mji mmoja angalau, mafunzo ya leseni ya urefa ya ngazi ya kwanza. Kijana mwenye leseni hiyo analipwa anapochezesha mechi za watoto wa Wamarekani wikiendi, na sisi tunapata waamuzi ambao hawakuteuliwa kwa sababu ni shemeji wa mtu. Mwingine alipiwe mafunzo ya ukocha. Mwingine akabidhiwe, mbele ya watu wote, kazi ya kumsaidia mtu wa fomu, ili mwezi wa pili wawe wawili.

Wasichana wetu pia wanacheza, nimewaona Louisville na hapa Columbus, wengine wakiwa na kanga kiunoni juu ya kaptula kwa heshima ya mama zao. Katika orodha ya mwaka jana hawakuwemo hata mmoja. Niliuliza kwa nini, nikajibiwa kwamba hawana ligi. Hawana ligi kwa sababu hakuna aliyewaombea uwanja.

Najua baadhi ya wazee watanuna, hasa wale waliozoea kuitwa mbele. Huko nilikotoka nilifanya kazi ya habari miaka mingi, na nimekaa juani nikimsubiri kiongozi afike ili mechi ianze, wachezaji wakiwa wamelala kwenye nyasi kwa njaa. Tulivuka mipaka mingi hadi hapa, na desturi hiyo tuliibeba ndani ya mizigo yetu bila kuulizwa na forodha yoyote. Mwaka huu ratiba iandikwe hivi: tuzo kwanza, chakula pili, hotuba mwisho. Wa Buffalo wana safari ndefu, na mgeni rasmi akichelewa, tuanze bila yeye.