ASILI YA MAJINA: ZIWA LA TODONYANG

Wayunani wa kale walisimulia habari za mvuvi wa Anthedon aliyekula jani la ajabu akageuka kuwa mungu mdogo wa bahari. Jina lake Glaukos. Nalo neno hilo katika lugha yao lilitaja rangi ya maji yang'aayo, si buluu wala si kijani.

Rangi hiyo huonekana pia Todonyang, karibu na mpaka wa Uhabeshi, kwa ajili ya mwani mdogo mno uliomo ziwani. Lakini Waturkana hawakutazama rangi. Walitazama riziki, wakaliita Anam Ka'alakol, yaani bahari ya samaki wengi. Wasamburu waliliita Basso Narok, ziwa jeusi.

Machi 1888 wakaja Teleki na von Höhnel, wakalipa jina la Rudolf, mrithi wa ufalme wa Austria. Kumpa mtu ziwa asilolijua, na wenyewe wapo ufukoni! Rudolf hakuliona kamwe. Alikufa Januari 1889. Hata hivyo jina lake lilidumu katika ramani hadi mwaka 1975, Serikali ya Kenya ilipoliita Ziwa Turkana. Ziwa dogo la jirani walikuwa wamempa mkewe, Stefanie. Wahabeshi huliita Chew Bahir, bahari ya chumvi.