Nani ameshika ufunguo? Nywila za kazini na vijana wetu wa bandarini

Ukivuka Makupa ukashika Kibarani kuelekea Changamwe, hukosi kupishana na malori ya makontena. Kila kontena limepigwa sili, kila dereva ana karatasi zake, na kwenye geti la bandari kuna askari. Anayetazama kwa nje hudhani mzigo unalindwa pale getini. Lakini kontena huwa limeshapewa ruhusa ya kutoka hata kabla lori halijawashwa. Ruhusa hiyo hutolewa kwenye kompyuta, na mtu aliyeingia kwa jina fulani na nywila fulani.

Wanaofanya kazi ya kliaringi wanajua mwendo wake. Ajenti hujaza hati za forodha katika mfumo wa KRA, ushuru ukalipwa. Vibali vya idara nyengine hupitia KenTrade. Kisha mzigo hushughulikiwa katika mfumo wa bandari, ule ambao vijana wanaujua kwa jina la KWATOS. Kila hatua ina akaunti yake, na kila akaunti ina mwenyewe. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye karatasi.

Ofisini mambo ni mengine. Si ajabu kukuta kampuni ndogo yenye akaunti moja na watu watano wanaoitumia: mwenye kampuni, karani, kijana aliyekuja kwa mafunzo, binamu anayesaidia siku za pilikapilika, na mtu wa nje anayelipwa kwa kila hati anayojaza. Nywila imeandikwa kwenye kikaratasi, kikabandikwa ubavuni mwa kompyuta. Ile namba ya siri inayotumwa kwa simu huenda kwa bosi, naye huipeleka kwenye kundi la WhatsApp ili kazi isikwame. Kijana wa mafunzo akiondoka mwezi ujao, hakuna anayekumbuka kubadilisha kitu.

Hasara ya tabia hii haimwangukii bosi kwanza. Humwangukia karani, kwa sababu mfumo hauwajui watu watano. Unajua jina moja, saa na kilichofanywa. Siku mzigo ukitoka kinyume cha sheria, au hati ikibadilishwa usiku, wachunguzi watakuja na lile jina. Kama ndilo lako, kazi ya kueleza kwamba siku ile ulikuwa arusini Kisauni ni yako wewe.

Hili si jambo la kubuni. Katika kashfa ya kwanza ya NYS mwaka 2015, ile ya Sh791 milioni, swali kubwa lililoulizwa mbele ya wabunge lilikuwa hilo hilo. Malipo yalipitia IFMIS, mfumo wa fedha wa serikali, kwa nywila ya afisa mmoja. Afisa huyo akasema nywila yake ilitumiwa na watu wengine bila idhini yake. Taifa zima likabaki linabishana: ni nani hasa aliyebonyeza? Ufunguo ukishapita mikono mingi, asiye na hatia hana pa kujitetea, na mwizi hupata pa kujificha.

Mwaka 2017 mtu mmoja alifikishwa mahakamani Nairobi akidaiwa kuingilia mfumo wa KRA na kuisababishia hasara ya karibu Sh4 bilioni. Aliyakana mashtaka. Bandari za ng'ambo nazo zimeonja. Huko Antwerp, Ubelgiji, walanguzi wa dawa za kulevya walitumia wajuzi wa kompyuta kuanzia mwaka 2011 kuingia katika mifumo ya kampuni za bandarini. Walianza kwa barua pepe zenye virusi. Walipozuiwa, waliingia ofisini kwa miguu na kutega vifaa vya kunasa kila herufi inayochapwa. Walichotafuta ni kujua kontena liko wapi na namba ya kulitolea, ili dereva wao afike kabla ya mwenye mali. Njama hiyo ilifichuliwa mwaka 2013. Ikiwa bandari tajiri ya Ulaya ilichezewa hivyo, sisi wenye kikaratasi ubavuni mwa kompyuta tunajitegemeza kwa nini?

Kuna upande wa pili ambao hauzungumzwi sana, nao ni wa wanakandarasi. Ofisi za leo haziendeshwi na waajiriwa peke yao. Kuna aliyeunda programu, anayetengeneza kompyuta, aliyefunga kamera, na kampuni inayokusanya malipo kwa niaba ya kaunti. Wote hawa hupewa njia ya kuingia ndani ya mfumo, na mara nyingi njia yao ni pana kuliko ya mfanyakazi wa kila siku, kwa kuwa wao ndio mafundi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi mgeni wa kompyuta tunampa ufunguo siku ya kwanza, na akimaliza kazi hatuudai.

Wakati mwengine mgeni ndiye hugeuka mwenye nyumba. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, iliyojulikana Machi 2025, ilisema kwamba mfumo wa kompyuta wa afya unaotumiwa na SHA, wenye thamani ya Sh104.8 bilioni, haumilikiwi na serikali wala serikali haiudhibiti. Fikiria maana yake kwa mama wa Mji wa Kale anayeweka alama ya kidole hospitalini ili atibiwe. Habari za mwili wake ziko katika nyumba ambayo serikali yake haina ufunguo mkuu. Siku mkataba ukivunjika, nani atamfungia nani mlango?

Sheria ipo, na vijana wetu waijue. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inasema anayetoa nywila kwa makusudi bila ruhusa anaweza kutozwa faini ya hadi Sh5 milioni, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria hiyo hiyo inamtaka mfanyakazi arudishe nywila na haki zote za kuingia katika mfumo mara tu anapoacha kazi. Asipofanya hivyo, ni faini ya hadi Sh200,000 au kifungo cha hadi miaka miwili.

Tazama mzigo umeelemea wapi. Kijana aliyeachishwa kazi kwa ujumbe wa simu anatakiwa na sheria arudishe ufunguo. Na mwajiri ambaye hakubadilisha kufuli? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi habari za watu azilinde ipasavyo, lakini ni ofisi ngapi ndogo za hapa mjini zimewahi kukaa chini zikauliza hilo linawahusu vipi? Mnyonge ndiye anayekutana na sheria mapema.

Wenye kampuni watasema kazi ya kliaringi ni mbio. Meli haingoji, gharama za kuweka mzigo bandarini zinapanda kila siku, na kumfungulia kila mtu akaunti yake ni usumbufu. Ni kweli ni usumbufu. Lakini akaunti ya kampuni ikisimamishwa kwa sababu ya hati moja chafu, wateja wote watahama, na wafanyakazi wote watarudi nyumbani, pamoja na wale ambao hawakugusa kitu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Basi mwenye ofisi aanze na machache yasiyotaka pesa nyingi. Kila mtu awe na jina lake la kuingilia, na apate kile tu kinachohusu kazi yake. Anayejaza hati hana haja ya kufungua hesabu za malipo. Namba ya siri ya simu isitumwe kwenye kundi. Mwanakandarasi apewe njia yenye tarehe ya mwisho, ijifunge yenyewe mkataba ukiisha. Na kila mwezi mtu mmoja akae na orodha, aulize: huyu bado yuko nasi? Asiyekuwapo afungiwe siku hiyo hiyo.

Kwa mfanyakazi, nasema hivi. Ukiambiwa utumie akaunti ya mwenzako, omba yako, na uombe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi kwa bosi. Ukitoka kwenda kuswali, funga kompyuta. Siku unaacha kazi, andika barua ya mistari mitatu kwamba umerudisha nywila zote na unaomba akaunti yako ifungwe, kisha ubaki na nakala. Haya si maneno ya kizungu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi, na iliteremka kwa watu walioaminiana. Kuandika hakumaanishi kumshuku ndugu yako. Kunawalinda nyote wawili siku ya ubishi.

Na kwa kaunti na mashirika ya serikali yaliyo hapa kwetu, wananchi tuna haki ya kuuliza jambo moja kila mfumo mpya unapozinduliwa kwa ngoma na hotuba: ufunguo mkuu ameshika nani, na mkataba wa fundi ukiisha utarudi kwa nani? Swali hilo liulizwe siku ya kutia sahihi. Madiwani tuliowachagua ndio wa kuliuliza, kabla hatujalazimika kuliuliza sisi mahakamani.