Theluji Haijawahi Kuanguka Mwabungo

Mwaka jana nilionyeshwa meza moja Nairobi, katika chumba cha ghorofani ambako vijana kama kumi hivi hukutana wikendi kupigana vita vya mezani. Meza ilikuwa nzuri, sitaki kudanganya. Magofu ya kanisa la Kizungu, madirisha marefu yenye ncha, misonobari nyuma yake, na juu ya kila kitu theluji iliyotengenezwa kwa soda ya kuokea na gundi nyeupe. Aliyeijenga amezaliwa Changamwe. Nikamuuliza kama amewahi kuona theluji. Akacheka.

"Bro, si hii ni fantasia."

Basi ugomvi wangu nanyi unaanzia hapo. Fantasia maana yake unaruhusiwa kujenga chochote. Sasa mbona kila mtu aliyepewa chochote anajenga Ujerumani ya kale?

Kwa msomaji ambaye hajui tunagombania nini: kuna vijisanamu vya plastiki, vya rezini au vya risasi, urefu wake milimita 28, yaani pingili moja ya kidole gumba. Unaviunganisha kwa gundi, unavipaka andakoti, kisha rangi za akriliki kwa brashi yenye nywele chache kuliko kope zako. Halafu unavijengea nchi ya kupigania: vilima, mito, magofu. Vita vyenyewe vinaamuliwa kwa rula na dadu. Kampuni kubwa kuliko zote, Games Workshop ya Nottingham, ilianza mwaka 1975, na mchezo wake wa Warhammer ukatoka 1983. Ni burudani ghali. Ni burudani ya subira pia, na mimi naipenda kiasi cha kushindwa kulala.

Wanaosema huu ni mchezo wa wazungu nitawajibu haraka maana hawajaniudhi sana. Kila alasiri chini ya mwembe karibu na kwetu wazee wanapigana. Mashimo 32, kete 64, kila mmoja ana nyumba yake ya kulinda, unateka kete za mwenzio na papo hapo zinakuwa jeshi lako. Namua ikiisha mtaji unaingia, na kejeli zinazorushwa hapo sitaziandika. Bao ni vita vya mezani kamili. Kilichokosekana ni rangi tu. Na shangazi yangu, ambaye hataki sanamu ndani ya nyumba anamoswalia, namheshimu. Sanduku langu linakaa barazani, halivuki kizingiti, na hatujawahi kugombana.

Ninaogombana nao ni nyinyi wenzangu mnaoshika brashi.

Tuanze na ngozi. Tazama video za mafunzo za kupaka ngozi nyeusi. Nyingi nilizofuata nilipokuwa najifunza zilikuwa na maelekezo yaleyale: paka hudhurungi, mwagia rangi nyepesi ya kivuli ijae kwenye mikunjo, kisha ongeza nyeupe kwenye hudhurungi yako upate sehemu zinazopigwa na mwanga. Matokeo yake mnayajua hata kama hamjawahi kushika brashi. Askari amepauka. Amepauka kama mtoto aliyetoka kuogelea baharini akaenda madrasa bila mafuta. Mama yeyote wa Pwani angemwita amrudishe ndani kabla majirani hawajamwona.

Ngozi yetu ikipigwa na jua haiendi kwenye weupe. Inaenda kwenye manjano ya udongo, kwenye chungwa lililoiva, na pale inapong'aa kwa jasho kuna samawati kidogo ya anga. Mimi naanza na hudhurungi iliyokaribia weusi, natia tone la zambarau, napanda polepole kwa rangi ya udongo wa Kwale. Nyeupe inaingia machoni na kwenye meno, basi. Niligundua hili kwa kumtazama jirani yangu mvuvi akivuta nyavu saa kumi na mbili asubuhi. Ningelipata wapi kwenye video?

Na hiyo nyeupe yenyewe, ebu tuiongelee. Weupe wa kwenye chupa za rangi ni titani, na titani hutolewa kwenye ilmenaiti na rutaili, mchanga mzito ambao Base Titanium iliuchimba hapa hapa Kwale. Shehena ya kwanza iliondoka Likoni mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma mwishoni mwa 2024. Familia za Nguluku na Maumba zilihamishwa kupisha mashimo. Miaka kumi tumewapakilia walimwengu weupe melini, halafu mimi chupa ya mililita 12 nainunua kwa bei ya sahani tatu za wali wa nazi, na matumizi ninayofundishwa ni kumpausha nayo mtu mweusi. Ukikosa kucheka hapo utalia.

Mtaniambia basi nisipake watu, nipake mazimwi. Sawa, lakini watu tumeshapakwa, tena zamani. Kuna kampuni ya Uingereza iitwayo Foundry yenye seti ya vijisanamu vya risasi inayoitwa Darkest Africa, Afrika ya giza totoro. Ndani yake kuna askari, warugaruga, wapagazi. Vimechongwa kwa ustadi mkubwa, nakiri, na nimevitamani. Ila maana yake ni kwamba wakati sisi tunanyunyiza soda ya kuokea juu ya misonobari, kuna mzee wa Yorkshire ana mikindu na vibanda vya nyasi kwenye meza ya kulia chakula. Anatupanga yeye. Anaamua nani shujaa na nani akimbie dadu likianguka moja.

Na vita anavyovipanga mara nyingine vilipigwa kwetu. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu kiitwacho Little Wars, kanuni za kupiganisha askari wa kuchezea sakafuni. Mwaka mmoja baadaye vita visivyo vya kuchezea vikaingia Kwale. Wajerumani walivuka mpaka wakapanda na pwani, na Oktoba 1914 mapigano yakawa Gazi. Ukipanda matatu ya Msambweni kutoka kwetu Mwabungo, Gazi unafika kabla hujamaliza muhogo wako wa kukaanga. Ni Gazi ileile ya Mbaruk bin Rashid Al-Mazrui, aliyepigana na Waingereza kutoka 1895, wakamvunjia ngome yake ya Mwele huko vilimani, na mwaka 1896 akavuka kwenda upande wa Wajerumani. Mbaruk hakuwa malaika. Mashamba ya mabwana wa enzi yake yalilimwa na watumwa, na anayetaka kumpaka kama simba wa uhuru ajue pia walikuwa wangapi waliomlimia simba huyo.

Kwenye hizo meza za ng'ambo kinachoniuma zaidi ni wapagazi. Katika kanuni nyingi za vita vya kikoloni mpagazi hapigani. Ni alama ya mzigo. Anapakwa mwisho, hudhurungi moja mwili mzima, macho hakuna, maana nani atamtazama? Nanyi mnaonisoma Nairobi mnanunua vikapu Kariokor kila siku, soko ambalo jina lake limetoka kwenye Carrier Corps, jeshi la wapagazi wa vita hivyo. Makumi ya maelfu yao walikufa, wengi wao kwa maradhi na uchovu kuliko risasi. Tumebaki na jina la soko. Na hata kijisanamu chao hakina macho.

Kwa hiyo sikubali mkiniambia mandhari ni mapambo tu, kwamba theluji au mchanga ni mamoja. Anayejenga meza anaamua nani ana kwao.

Meza yangu ni Gazi, 1914, usiku, maji yakijaa. Nimeweka mikoko. Mizizi ile inayosimama kama miguu ya kaa nimeisokota kwa nyaya za shaba za chaja iliyokufa, nikaipaka gundi na vumbi la mbao. Mibuyu ni tangawizi iliyokaushwa: tafuta kipande kinene chenye vidole vifupi, ukisimamishe, ni mbuyu tayari, hata rangi ya kijivu umeshapewa na Mungu. Kuta za matumbawe nimezichonga kwenye ile foromu nyeupe inayokuja na televisheni. Hapa sikilizeni nyinyi wa makanisa: jiwe la matumbawe si kijivu. Ni rangi ya maziwa yaliyoungua, lina uwaridi ndani yake, limetobokatoboka, na chokaa ikibanduka ukuta unashuka michirizi ya kijani na nyeusi pale mvua inapopita. Nendeni Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini, mkaegemee mibuyu mtazame ukuta saa nzima. Ni shule bila karo.

Mchanga ulinifedhehesha. Niliuchota Galu, mweupe, laini kama unga, nikajenga ufuo mzima bila kuuosha. Masika ilipofika chumvi ikavuta unyevu, rangi ikavimba, ikabanduka kama mgongo wa mtalii wa siku ya pili. Sasa nauosha maji matatu kama mchele, nauanika, ndipo naubandika. Andakoti ya kopo nayo hapa kwetu huwezi kuipuliza siku ya unyevu, inatua na ukungu kama unga wa ngano. Napaka kwa brashi, taratibu. Mambo haya hayamo kwenye video za Nottingham kwa sababu Nottingham haina masika. Kila mmoja wetu anayajifunza peke yake kwa kuharibu, kwa kuwa hakuna anayeyaandika, na hakuna anayeyaandika kwa kuwa sote tuko bize na theluji.

Paa la makuti nililitengeneza kwa kilifu, ule utando wa nyuzi unaoshikilia kuti kwenye mnazi. Mjomba wangu ni fundi wa makuti, ameezeka nusu ya mabanda ya huku. Mwaka wa kwanza nilipojenga kanisa lenu la magofu (ndiyo, hata mimi nimelijenga, sijashuka na wahyi) alipita barazani, akalitazama, akauliza, "Hii ndiyo ile hoteli iliyofungwa?" Akaenda zake. Safari hii alisimama. Akachuchumaa.

"Mjomba, paa hili litavuja."

"Litavujaje, mjomba, na nyumba yenyewe inaenea kiganjani?"

"Umelilaza. Makuti ukiyalaza maji hayakimbii, yanakaa, yanaozesha. Lisimamishe."

Akaninyang'anya kisu. Alikaa hapo mpaka adhana ya magharibi, chai imepoa, akipanga nyuzi safu juu ya safu kuanzia chini kama anavyopanga kwa watu. Kwa miaka mitatu nilikuwa namweleza mzee huyu ninachofanya na hakuelewa neno. Paa la inchi mbili lilimweleza.

Mtu ataniuliza: na kaya je? Kaya Kinondo iko hapa hapa mlangoni, msitu wa Wadigo, mmojawapo wa misitu ya kaya iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kwa mjenzi wa mandhari huo ni ulafi mtupu: mizizi, giza, mizabibu ya mwituni minene kama paja. Nami nasema hapana. Ukiingia unavishwa kaniki, na ukitoka hutoki hata na jani. Kijiti kikavu cha kubandika kwenye meza yako ni kitu kilichotolewa kayani, na wazee hawakuweka kanuni hiyo wakaacha nafasi ya wasanii. Mimi nimejenga ukingo wake tu, njia inayoingia na watu wawili waliovaa nyeusi. Kilicho ndani hakinihusu kukichonga. Vigango vya Wagiriama pia, msiviguse. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilikwenda kuonekana kwenye makumbusho za Marekani, vikarudishwa 2007. Mti wa kumbukumbu ya baba wa mtu si pambo la kujifichia risasi za mchezo.

Mnaona basi kwamba sisemi jengeni kila kitu cha kwetu. Nasema mjue mnachokijenga kiasi cha kujua pia msichopaswa kukijenga. Kwenye lile kanisa la theluji swali hilo halikuwahi kumjia yule wa Changamwe, kwa sababu hakuna mtu wa kumfuata barazani amuulize.

Na fantasia nimeiacha? Wapi! Wachongaji wa Kimakonde walishatuonyesha zamani kwamba mashetani ya huku hayahitaji pembe za Ulaya: jicho moja ubavuni, mguu umetoka kichwani, mti mmoja wa mpingo. Kwangu, saa sita ya usiku wa mchezo, maji yakijaa kabisa, majini yanatoka kwenye mikoko. Nimeyachonga kwa udongo wa epoksi, miili yao ni mizizi, migongo ina makombe. Hayana habari na Mjerumani wala Mwingereza. Kila raundi yanasogea kumfuata kamanda aliyefunga wapagazi wengi zaidi, na kanuni ni hiyo moja tu. Rafiki zangu wawili tumecheza mara nne. Mara ya tatu aliyekuwa Mwingereza aliwafungua wapagazi wake wote raundi ya pili, akashindwa vita, akabaki hai.

Wapagazi wako kumi na wanne. Kila mmoja nimempa shuka yake, mmoja ana kovu begani, mmoja amebeba mzigo kichwani na kiatu kimoja mkononi, sijui nilikitolea wapi. Macho ndiyo kazi. Nukta nyeupe, nukta nyeusi ndani yake, ukipumua vibaya amekuwa makengeza. Nimemaliza watano. Brashi yangu ndogo imechanuka nywele, na kuna kijana anatoka Mombasa Ijumaa, nimemwagiza nyingine.